Nyongeza ya Mteja wa Mbali

Wabera, Isiolo
Jumapili, 12 Januari 2025

Kwako maitu, binti yangu mwenye jina la mama yangu,

Arero anasema ulishuka Merti salama, na kwamba njia nzima ulipakata begi lako la vipimo kama mtu aliyebeba mayai. Alinieleza hayo kwa kelele hadi wateja wakatoka kutazama kama tunapigana. Nimemwambia mara nyingi kwamba sikio la kushoto bado linashika kidogo. Yeye hupenda kuongea na la kulia, ambalo mashine ya kukatia mabati ililiua zamani.

Ndiyo sababu nakuandikia. Simu yako ya juzi nilisikia upepo tu. Uliongea muda mrefu, niliona Mama yako akitikisa kichwa na kucheka, lakini alipokata akaniambia neno moja: "Amefika." Ulipokuwa chuo kikuu barua zilitutosha. Zitatutosha na sasa. Arero anapita hapa dukani na pikapu yake kila wiki, mpe yeye.

Usisahau kwamba kiwanda cha Athi River kinakungoja Jumatatu, tarehe tatu Februari. Maabara ya kupima chuma, koti jeupe, mshahara wa mwisho wa mwezi. Kazi ya Merti ni ya wiki mbili tu. Sikutaka uende, na unajua kwa nini. Guyo alipokuja hapa mwezi wa kumi na mbili, mwenyekiti mzima wa kamati ya kisima, akasema mbele ya watu kwamba mabomba niliyomuuzia yameoza hata miaka miwili haijaisha, na pampu imekatika ikazama. Nikamwambia sijawahi kuuza bomba bandia. Akasema, "Si binti yako amesomea chuma? Aje atuambie. Akisema ni mabaya, tutaamini. Akisema ni mazuri, tutaona." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini nikafunga duka mapema.

Mabomba yale niliyachagua mwenyewe, moja moja, zinki imepakwa hadi ndani. Na juu ya hayo niliwapa nyongeza. Wewe umekulia katika duka hili. Mtu akinunua kamba, tunamwongezea mkono mmoja. Akinunua misumari, tunatupia kiganja. Sasa mtu ametoka Merti kununua mabomba ya kisima kizima, nimwongezee msumari? Zile soketi za chuma zinazounga bomba na bomba nilizirudisha stoo, nikawapa soketi za brasi, ile shaba ya manjano, nilizonunua mnadani mashamba ya kunyunyizia maji yalipofungwa. Brasi haishiki kutu. Niliwapa bure. Mtu anayetoa hivyo ndiye ataiba kwenye bomba?

Tazama vizuri, waambie ukweli, urudi nyumbani.

Baba yako,
Mbuthia

Waringa, ni Mama. Amekaa na barua hii tangu asubuhi, hata kanisa limempita. Maziwa ya ngamia yakikusumbua tumbo, kunywa chai ya rangi. Na ujifunike kichwa jua likiwa kali, wewe si mtu wa huko. — Gacheri

*

Merti
Alhamisi, 16 Januari 2025

Baba mpendwa,

Barua yako ilifika ikinuka dizeli na miraa, kwa hiyo najua ilikaa wapi njiani.

Niko salama. Nalala kwa mwalimu mmoja wa kike karibu na msikiti. Kisima kiko nje ya mji, upande wa malisho. Sahal, fundi wa pampu, alishavua mabomba yote na kuzifungua soketi kabla sijafika, na pampu aliinasa kwa ndoana aliyoichomelea mwenyewe. Nimeyalaza mabomba chini kwa utaratibu uleule yaliokuwa nao kisimani, la juu hadi la mwisho. Kwa mbali yanafanana na uti wa mgongo wa mnyama.

Siku ya kwanza wazee walinizunguka wakaniuliza mvua itakuja lini. Mtu aliwaambia kwamba binti aliyesomea hali ya hewa anakuja. Nikasema hapana, mimi ni wa chuma. Mzee mmoja akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akasema, "Tumeomba maji, tumeletewa chuma." Tangu hapo ananiita Binti Chuma, na watoto wamelishika.

Maji wanachota mtoni kwa punda. Ewaso Nyiro sasa ni matope yanayotembea. Guyo hanisumbui, lakini kila asubuhi anakuja, anasimama, anaangalia mabomba, anaondoka. Jana alisema jambo moja tu: anataka maji yatoke kabla ya mfungo wa Ramadhani.

Sasa habari unayoingoja. Nimepima zinki katikati ya kila bomba. Ipo, na ni nene inavyotakiwa. Mabomba yako ni halisi, Baba. Uozo uko kwenye ncha tu, pale bomba linapoingia kwenye soketi. Hapo chuma kimeliwa hadi kimekuwa kama biskuti.

Nina swali dogo. Soketi za brasi, zilikuwa za mabomba yote au baadhi?

Kiwanda sijakisahau. Ila nitakuambia kitu. Chuoni tulifundishwa jinsi chuma kinavyozaliwa: mawe, tanuri, kalibu ya kumiminia. Hapa naulizwa kimekufaje. Ni swali zuri kuliko nilivyotarajia.

Msalimie Mama. Chai ya rangi naifahamu sasa.

Wako,
Waringa

*

Wabera, Isiolo
Jumatatu, 20 Januari 2025

Maitu,

"Mabomba yako ni halisi, Baba." Mstari huo nimeusoma mara nyingi kuliko nitakavyokubali. Mama yako nilimsomea. Mwenye duka la viatu nilimsomea. Mteja mmoja alikuja kutafuta kufuli tu, naye akasomewa. Mama yako ameniambia nikiendelea hivi atanifungia ndani kwa kufuli hiyohiyo.

Kuhusu swali lako: karibu zote! Brasi ziliniishia nikiwa nimebakisha mabomba matano, basi hayo nikayapa soketi za kawaida za chuma. Sahal aliyafunga juu kabisa, nadhani, kwa kuwa ndiyo yalishuka mwisho. Niliona haya kidogo kwamba nyongeza haikutosha. Kama Guyo analalamikia hayo matano, mwambie nitatafuta brasi nyingine.

Sasa tuongee kazi. Tangu uhitimu, kila mtu Wabera ana ushauri wa bure. Mwenye duka la viatu anasema uende Migori kwenye dhahabu. Nimemwambia mtoto wangu hajasoma miaka mitano akazikwe shimoni. Mchungaji anasema ofisi ya viwango ya serikali, ukague nondo za watu wakuogope. Mama yako anataka ufundishe chuo cha ufundi hapahapa Isiolo, na sababu yake si elimu, ni kwamba utakuwa unakula nyumbani. Kuna aliyesema reli, kuna aliyesema kuyeyusha makopo kutengeneza sufuria. Mimi nimesikiliza wote, kwa kadiri masikio yalivyoruhusu, na bado nasema kiwanda. Pale chuma ni kazi ya kila siku. Kuna paa. Kuna watu waliokutangulia wa kukuonyesha. Kisima hakina ofisi, Waringa. Ukimaliza kimoja unasubiri kingine kife.

Lakini nimefurahi kwamba umekiona hiki. Umelisafisha jina la duka. Ni kazi yako ya kwanza, na umemfanyia baba yako.

Mbuthia

*

Merti
Jumatatu, 27 Januari 2025

Baba mpendwa,

Nimemaliza. Ripoti nimemkabidhi Guyo leo asubuhi. Nimeandika kwamba mabomba ni halisi na zinki yake ni nzuri, kwamba uozo umetokea kwenye viungo kwa sababu ya chumvi ya maji na namna mabomba yalivyounganishwa, na kwamba ncha zilizoharibika zikatwe, zichongwe upya na kuungwa kwa soketi za chuma. Aliisoma akiwa amesimama. Akasema, "Basi duka la baba yako ni safi." Nikasema ndiyo.

Nitalala nyumbani usiku mmoja, halafu niende Athi River. Usiwaite majirani. Nimechoka na vumbi, nataka kunyamaza tu.

Wako,
Waringa

*

Wabera, Isiolo
Jumatatu, 10 Februari 2025

Mwanangu Waringa,

Hii anaandika Mama peke yake. Baba yako ametoka kwenda kupokea saruji. Nampa dereva wa basi la vifurushi, ukiipata nipigie.

Au usipige. Ukipiga utasema "niko sawa, Mama," na mimi nitasema "haya," na tutakuwa tumewapa watu wa simu pesa bure. Andika, kama unavyomwandikia yeye.

Ulilala hapa usiku mmoja. Chapati uliikata vipande vidogo ukavipanga pembeni mwa sahani. Mimi nilikuzaa, najua unakata chapati hivyo lini. Ulifanya hivyo ulipovunja kioo cha kanisa. Baba yako alikuwa akiongea peke yake mezani, Merti hivi, mabomba hivi, na wewe unamwambia "ndiyo Baba" kwenye sikio lisilosikia. Aliwanunulia wateja soda siku mbili. Umewahi kumwona huyu mtu akinunua soda?

Kuna mvulana huko Merti? Akiwa yupo, sema tu. Awe Mborana, awe nani, nitalia siku moja kisha nitaanza kuuliza ana ng'ombe wangapi.

Kama si mvulana, ni nini?

Mama yako,
Gacheri

*

Athi River
Alhamisi, 13 Februari 2025

Mama mpendwa,

Hakuna mvulana. Ingekuwa rahisi.

Ni soketi za brasi. Usimwambie Baba, tafadhali, hadi nijue nitamwambiaje.

Nitakueleza kama nilivyoelezwa. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, moja huila nyingine. Brasi ndiyo yenye nguvu, zinki na chuma ndio wanyonge. Kwa hiyo soketi zile zilikaa chini kule zinang'aa, hazina hata alama, na mabomba yaliyozigusa yakaliwa. Maji ya kile kisima yana chumvi nyingi, nilipima. Yale mabomba matano ya juu, yenye soketi za chuma, yako karibu mapya. Baba mwenyewe ndiye aliyeniandikia kwamba ni matano, na kwamba aliona haya nyongeza haikuyafikia. Nilisoma mstari huo nimesimama kisimani, Mama, na mabomba yenyewe yako mbele yangu.

Angewapa soketi za kawaida, au asingewapa kitu, maji yangekuwa yanatoka hadi leo.

Ningeandikaje hivyo? Ripoti ya kwanza maishani mwangu, isomwe mbele ya kamati kwamba kisima kimeuawa na ukarimu wa baba yangu? Niliandika "namna yalivyounganishwa." Si uongo. Nilitafuta maneno yasiyo uongo kwa muda mrefu.

Kazi ni nzuri. Tunapima mabomba mapya kabla hayajatoka. Unakata kipande, unapima unene wa zinki, unatia sahihi kwenye cheti chake na bomba linakwenda dukani kwa mtu kama Baba. Wiki iliyopita msimamizi wangu alinipa kalamu nitie sahihi yangu ya kwanza. Kipimo kilikuwa sawa kabisa. Nilikipima tena, na tena. Akaniuliza, "Unaogopa nini, msichana, si namba ziko hapo?" Nikatia sahihi, lakini nilikuwa nafikiria karatasi nyingine.

Binti yako,
Waringa

*

Wabera, Isiolo
Jumanne, 18 Februari 2025

Waringa,

Arero alipita leo asubuhi. Hakushuka kwenye pikapu. Nilimfuata dirishani nikamuuliza kwa nini mabomba bado hayajarudishwa kisimani wakati ripoti ilitoka mwezi uliopita. Akaandika kwenye boksi la sigara kwa sababu alichoka kupiga kelele: kamati imemfukuza Sahal.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, na hili nililisikia bila shida, "Mzee, binti yako ameandika uozo uko kwenye viungo, kwa namna vilivyounganishwa. Nani aliunganisha? Si Sahal? Sasa hakuna kisima chochote kinachomtaka, na hakuna fundi mwingine wa kurudisha mabomba kwenye hiki."

Nilikaa stoo. Brasi mbili zilikuwa zimebaki, hazikuingia bomba la saizi ile. Nikazitazama. Kisha nikakumbuka swali lako dogo: zote au baadhi? Hukuuliza bure. Wewe tangu utotoni huulizi bure. Nilikujibu kwa furaha, na barua iliyofuata haikuwa na neno brasi hata mara moja.

Mama yako nilimuuliza. Alianza kufagia mahali palipofagiwa. Kwa hiyo yeye pia anajua. Humu ndani mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nanunua soda.

Sikuombi unieleze. Nimeelewa kiasi cha kunitosha. Kesho nafunga duka, naenda Merti na Arero. Nimepakia soketi za chuma za kisima kizima.

Mbuthia

*

Merti
Jumamosi, 22 Februari 2025

Maitu,

Naandika nikiwa kwa Arero, juu ya kreti iliyogeuzwa, na mbuzi wake wananisaidia kusoma. Nataka nikuambie mambo yalivyokwenda kabla hujayasikia kwa mtu mwingine, maana njiani yataongezewa chumvi.

Nilimkuta Guyo kivulini na kamati yake. Tukasalimiana. Akaniambia, akiwa kwenye sikio zuri, "Mzee Mbuthia, umekuja kudai nini tena? Binti yako alishakusafisha."

Nikasema, "Nimekuja kuchafuka."

Nikatoa zile brasi mbili mfukoni. Nikasema Sahal alifunga alichopewa, na aliyempa ni mimi. Nikaeleza zinavyokula chuma, kwa namna nilivyoelewa kwa kuyatazama mabomba yenyewe, matano ya juu mazima na mengine yameliwa; wewe ungesahihisha. Kisha nikangoja. Kwa masikio haya siwezi kujua kama watu wamenyamaza au wananitukana, basi nikatazama midomo yao. Yote ilikuwa imefungwa.

Sahal alikuwa amesimama nyuma, hakuitwa ila alikuja. Akapita katikati ya watu, akainama kwenye sikio langu la kulia na akasema maneno mengi, mengi sana, mkono wake ukipiga hewa. Alipomaliza nikamwambia, "Samahani, kijana wangu, hilo limekufa. Anza tena upande huu." Mtu akacheka, wengine wakafuata. Hasira yake ikakatika katikati, nikaona alivyochukia kwamba imekatika. Ikabidi aseme kwa kifupi. Alisema, "Mke wangu anaulizwa sokoni kama mumewe ni fundi au muuaji wa visima. Kwa sababu ya zawadi yako, mzee."

Nikasema, "Ni kweli." Akachukua brasi moja mkononi mwangu akaipima uzito, akasema kitu kwa Kiborana ambacho Guyo alikataa kunitafsiria.

Kulikuwa na bibi mmoja mwenye mbuzi wengi, yumo kwenye kamati. Yeye akauliza: huyu msichana alijua? Nikasema alijua. Kwa nini hakuandika? Nikasema aliogopa kuniumiza. Bibi akawaza, akasema, na hili Guyo alilitafsiri vizuri: "Mtoto mzuri. Shahidi mbaya."

Nakuandikia maneno hayo kama yalivyosemwa kwa sababu nadhani yote mawili ni sawa.

Waringa, ulinihurumia. Nimelala nikiwaza hilo, na sikumbuki mara nyingi ambazo mtu amenihurumia kiasi hicho. Nakushukuru, na usirudie. Mimi ni kiziwi, si yai. Nilipokuwa naishi na jina safi ulilonipa, mtu mwingine alikuwa amelivaa lile chafu, na mtu huyo ana watoto.

Sahal amekubali kuanza kazi kesho. Hakukubali kwa ajili yangu. Guyo alimwambia mfungo ni wiki ijayo, na yeye pia ana mama anayechota mtoni. Mimi ndiye nitakayeshika mabomba akikata ncha. Kuna mtu mmoja wa mtaa wa Kiwanjani, pale Isiolo, niliyempa brasi hizi kwa tangi lake, nikirudi nitamwona.

Kamati inataka jambo moja kutoka kwako. Wanataka ripoti iandikwe tena, kwa mkono wako, na sahihi yako. Guyo anasema bila hiyo, neno langu ni la mzee tu anayemtetea fundi, na mwakani mtu atasema tena ni Sahal. Pia anasema kuna visima viwili upande wa chini wa mto vyenye ugonjwa, na wanataka kujua kama wakuamini. Nikamwambia sijui. Nikamwambia akuulize wewe.

Na kuhusu kazi. Nimekuimbia kiwanda tangu uhitimu, na sikukuuliza hata siku moja unataka nini. Nimeona sasa mahali ulipokuwa umesimama ukipima. Nimeyaona mabomba yalivyolala. Ukibaki Athi River ni heshima, ukirudi ni heshima. Sitasema tena.

Mbuzi amekula kona ya karatasi. Samahani.

Baba yako,
Mbuthia

*

Athi River
Jumanne, 25 Februari 2025

Baba mpendwa,

Ripoti iko chini ya barua hii. Umruhusu Guyo aisome kwa sauti. Usibadilishe neno, hata lile linalokuhusu, hata lile linalonihusu. Nakala nyingine nimemtumia Sahal peke yake, na barua. Nilichomwandikia ni kati yetu.

Kuhusu kazi, nilishaamua kabla barua yako haijafika, na nilikuwa naogopa kukuambia. Nabaki hapa mwaka huu. Sijui zinki vya kutosha, na hapa kuna watu wanaoijua. Baadaye nitakwenda kwenye visima. Najua havina ofisi. Mwalimu yule wa Merti ana chumba cha kupangisha, na mwenye duka la viatu unaweza kumwambia kwamba dhahabu nimeikataa rasmi.

Nilipofika pale "si yai" nilicheka peke yangu maabara, msimamizi akadhani nimevuta mvuke wa tindikali. Baadaye nikatoka nje kidogo.

Kula. Unaposhika mabomba, vaa glavu, zile ncha zinakata.

Wako,
Waringa

*

Kwa Mwenyekiti Guyo na Kamati ya Kisima, Merti

Salaam aleikum.

Karatasi hii inachukua nafasi ya ripoti yangu ya tarehe 27 Januari. Ile ya kwanza msiitumie.

Mabomba ya kisima chenu ni halisi. Yaliharibiwa na soketi za brasi zilizoyaunganisha. Ndani ya maji ya chumvi kama yenu, brasi hula zinki na chuma kinachoigusa. Ushahidi ni mabomba matano ya juu, yaliyofungwa kwa soketi za chuma: hayana uozo. Mtu yeyote anaweza kwenda kuyatazama.

Sahal aliunganisha mabomba ipasavyo. Nilikagua kila kiungo, na hakuna hata kimoja alichokikosea. Kuondolewa kwake kazini kulitokana na sentensi niliyoiandika nikijua haijakamilika.

Soketi hizo zilitolewa na Mbuthia, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Wabera, Isiolo. Ni baba yangu. Alizitoa bure, akiamini ni bora kuliko za chuma, na wauzaji wengi wangeamini hivyo. Hakujua zingefanya nini katika maji ya chumvi. Mimi nilijua tangu wiki ya kwanza, na nilijua zimetoka kwake, na sikuandika kwa sababu ni baba yangu.

Mkitaka mtu mwingine apime visima viwili vya upande wa chini wa mto, nitawapa majina ya watu ninaowaamini. Mkitaka mimi, nitakuja Pasaka, na chochote nitakachokikuta nitakiandika chote, kiwe cha nani.

Mwenye swali kuhusu karatasi hii aniulize mimi.

Waringa Mbuthia
Mtaalamu wa metali